Mrama na Mtetemo: Uteuzi wa Kipimamchapuko kwa Vyombo vya Abiria vya Visiwa vya Lamu

Utangulizi

Neno mrama limekwisha kuihama bahari. Katika magazeti, katika hotuba na hata katika insha za wanafunzi, mambo ndiyo yaendayo mrama: mipango, ndoa, chaguzi, biashara. Ni wachache wanaokumbuka kwamba asili ya neno hili ni chombo cha baharini, na kwamba kwenda mrama ni kule kuyumba kwake ubavu kwa ubavu, kikilalia upande wa joshi, kikirudi, kisha kikilalia upande wa demani. Katika visiwa vya Lamu maana hiyo ya kwanza haijafa, kwani huko chombo ndicho barabara. Anayetoka Mokowe kwenda mji wa Lamu, au anayetoka Lamu kwenda Mtangawanda, Faza ama Kizingitini katika kisiwa cha Pate, hana budi kuingia baharini. Na akishaingia, mrama si tamathali ya usemi.

Makala hii inakusudia kufafanua namna ya kuchagua kipimamchapuko, yaani kile kifaa kidogo cha kielektroniki kinachohisi badiliko la mwendo, kwa kazi moja mahususi: kuutambua mrama wa chombo cha abiria huku mashine ya dizeli ikitetemesha kila ubao. Yamkini msomaji atashangaa kukuta mada ya kihandisi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, itabainika kwamba makosa kadhaa ya uteuzi wa kifaa hiki huanzia katika jina kinachopewa, na uteuzi wa majina ni kazi ya wasomaji wa jarida hili.

Mrama una saa yake

Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa, na zaidi ya watu 270 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Vyombo hivyo vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi, na vyote viwili havikuwa mbali na gati. Kuna jambo ambalo chombo kilichoelemewa hulisema kabla ya kupinduka, na hulisema kwa mwendo wake.

Chombo kilicho imara hurudi upesi. Ukikilaza kidogo ubavuni kikiwa maji matulivu kisha ukakiachilia, hurejea kwa nguvu, hupita wima, hulalia upande wa pili na kurudi tena. Muda wa kwenda na kurudi huko hutegemea upana wa chombo na uimara wake. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wa meli ni rahisi: zidisha upana kwa 0.8, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha kimo cha uimara, yaani urefu kati ya kitovu cha uzito na ile nukta ya juu ambayo chombo huyumba kana kwamba kimening'inizwa hapo. Mashua yenye upana wa mita 2.5 na kimo cha uimara cha mita 0.64 huenda mrama mmoja kwa sekunde 2.5 hivi. Abiria wakirundikwa, magunia yakapandishwa juu ya sitaha badala ya kushushwa ngamani, kimo hicho huweza kushuka hadi mita 0.16, mrama nao hurefuka hadi sekunde 5. Yaani uimara umebaki robo, na muda umeongezeka maradufu.

Nahodha mzoefu huijua hali hii bila hesabu. Huhisi chombo kikikawia mwishoni mwa mlalo, kana kwamba kinafikiri kabla ya kurudi. Abiria asiyejua huuona mrama wa polepole kuwa ni wa raha, kwa kuwa hautikisi tumbo, kumbe huo ndio wa kuogopwa. Inafaa kukiri hapa kwamba saa ya mkononi na jicho vingetosha kuupima mrama gatini, mashine ikiwa imezimwa. Lakini safari ya Pate ni ya saa kadhaa. Njiani mizigo husogea, watu huhamia upande wenye kivuli, maji huingia ngamani na kuanza kukimbia huku na huku, na hayo maji yaliyo huru humpora nahodha uimara kuliko shehena iliyotulia. Ndiyo maana inafaa kuwapo kifaa kinachosikiliza wakati wote. Tena kifaa hakina haya: hakioni muhali kumwambia mtu aliyekwisha kulipa nauli kwamba chombo kimejaa.

Jina linalopotosha

Katika mazungumzo ya kila siku kifaa hiki huitwa kihisimwendo. Jina ni tamu, lakini si kweli. Kipimamchapuko hakihisi mwendo. Huhisi mchapuko, ambao ni kiwango cha kubadilika kwa mwendokasi au mwelekeo. Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1632, alimtaka msomaji ajifungie katika chumba cha chini cha meli pamoja na vipepeo na chupa inayodondosha maji, kisha atazame: meli ikiwa imetia nanga au ikiwa inakwenda sawia, vipepeo huruka vilevile na matone huanguka palepale. Kipimamchapuko ni kipepeo wa Galileo. Mashua ikiteleza kwa kasi ile ile juu ya maji matulivu, kifaa hutoa usomaji ule ule ambao kingeutoa chombo kikiwa kimefungwa gatini.

Wapo wanaojaribu kuikwepa hali hii kwa hesabu: hujumlisha mchapuko ili wapate kasi, kisha hujumlisha kasi ili wapate umbali. Kosa dogo la kifaa nalo hujumlishwa. Chukua kifaa kinachokosea kwa sehemu 1 tu katika 1000 za g, ambapo g ni mchapuko utokanao na mvutano wa dunia. Baada ya dakika 1, kitadai kwamba chombo kimesogea zaidi ya mita 17. Baada ya dakika 10, kitadai zaidi ya kilomita 1.7. Mashua iliyofungwa kamba mbele ya mji wa Lamu itakuwa imekwisha kuvuka mlango na kupanda nchi kavu ya Manda. Anayetaka kujua chombo kiko wapi na atafute kifaa cha setilaiti.

Kwa upande mwingine, kuna kitu ambacho kipimamchapuko hukisoma hata kikiwa kimetulia: mvutano wenyewe. Kikiwa mlalo, mhimili wake wa wima husoma g 1 na mihimili ya ubavuni husoma sifuri. Kikiinama digrii 1 ubavuni, mhimili wa ubavuni husoma takribani g 0.0175. Hapo ndipo penye faida, kwa kuwa kulala na kuinuka kwa chombo huonekana kama kupanda na kushuka kwa namba hiyo.

Kwa sababu hiyo aina moja ya vipimamchapuko inaondolewa katika orodha mapema. Vifaa vya fuwele, ambavyo hutoa umeme vinapobanwa, vinasifika sana viwandani kwa kupima mitetemo ya mashine, na pengine muuzaji atavisifu kwa haki. Lakini chaji ya fuwele huvuja. Kani isiyobadilika, kama vile mvutano juu ya chombo kilicholala na kubaki kimelala, hupotea katika usomaji. Vifaa hivyo husikia mtetemo na kuwa viziwi kwa mlalo. Kinachohitajika ni aina ya kapasitansi, ambayo ndani yake kijiwe cha silikoni, kidogo kisichoonekana kwa macho, huning'inia katika springi za silikoni na kusogea kati ya sahani mbili. Aina hii iliingia katika magari mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kufyatua mifuko ya hewa wakati wa ajali, na leo imo katika karibu kila simu ya kisasa.

Mtetemo si mvumo

Wahandisi wanaozungumza Kiswahili hutumia neno kelele kwa kila kinachoufunika ujumbe unaotafutwa. Neno hilo linachanganya mambo mawili ambayo yapasa kutenganishwa. La kwanza ni mtetemo: mtikisiko halisi wa mbao unaosababishwa na mashine, ambao kifaa kinausoma kwa usahihi ingawa hatuutaki. La pili ni mchezo wa namba ndani ya kifaa chenyewe, ambao ungekuwapo hata kama kifaa kingewekwa juu ya mwamba. Hili la pili linapendekezwa liitwe mvumo, kwa kuwa ni la kudumu na halina chanzo nje. Tofauti hii ni ya vitendo: mtetemo hutibiwa kwa mahali pa kufunga kifaa, kwa upeo na kwa vichujio, mvumo hutibiwa kwa kununua kifaa bora zaidi.

Mnunuzi asiyetenganisha mambo haya hufanya kosa linalotabirika. Huona usomaji unaruka ovyo, husema kifaa kina kelele, kisha hutumia fedha nyingi kununua chenye mvumo mdogo. Hebu tuangalie hesabu. Kifaa cha bei nafuu kama MPU-6050 kina mvumo wa takribani sehemu 400 za milioni ya g, ukipimwa katika upana wa marudio wa hezi 1. Kifaa cha hali ya juu kama ADXL355 kina mvumo wa takribani sehemu 25 za milioni. Tofauti ni mara 16, nayo inavutia katika tangazo. Lakini mrama wa sekunde 2.5 hadi 5 una marudio ya hezi 0.4 hadi 0.2, kwa hiyo hezi 1 inatosha kuukamata. Katika upana huo, mvumo wa kifaa cha bei nafuu ni sawa na mlalo wa digrii 0.02. Hakuna nahodha, wala kanuni yoyote ya usalama, anayehitaji kujua mlalo wa mashua kwa usahihi wa digrii 0.02. Kwa kazi hii mvumo si tatizo, na fedha hizo zingenunua maboya ya kujiokolea.

Tatizo ni mtetemo. Karibu na mashine, ubao unaweza kutikisika kwa g 1 au zaidi, ilhali digrii 1 ya mlalo ni g 0.0175. Ujumbe ni kama sehemu moja ya sitini ya kinachoufunika.

Upeo

Vipimamchapuko vingi humruhusu mtumiaji achague upeo: g 2, g 4, g 8 au g 16 kwa kila upande. Ushauri unaotolewa mara kwa mara ni kuchagua upeo mdogo ili kupata usomaji makini. Katika mashua yenye mashine ushauri huo ni wa hatari, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Chukua mhimili wa wima. Mvutano umekwisha kuuchukua g 1; katika upeo wa g 2, nafasi iliyobaki upande wa juu ni g 1 tu, ilhali upande wa chini ipo g 3. Mtetemo wa g 1.5 ukija, usomaji ungepaswa kupanda hadi 2.5 na kushuka hadi hasi 0.5. Wa chini utasomwa wote. Wa juu utakatwa kwenye 2, kama tanga lililopunguzwa kwa mkasi upande mmoja. Sasa ukitafuta wastani ili kuufuta mtetemo, hautakuwa g 1 tena bali takribani g 0.91, kwa sababu vilele vimekatwa na mabonde yamebaki. Ukikokotoa mlalo kwa mhimili huo pekee, chombo kilichosimama wima kitasomeka kimelala digrii 24. Jambo baya zaidi ni kwamba hakuna kichujio kitakachorekebisha kosa hilo baadaye, kwani namba zilizokatwa hazikuhifadhiwa popote. Usomaji utaonekana umetulia, safi, wa kuaminika, nao ni uongo.

Kwa hiyo upeo uchaguliwe kwa kuangalia mtetemo mkubwa kabisa unaotarajiwa, si kwa kuangalia mrama. Upeo wa g 8 au g 16 unafaa. Je, umakini hautapotea? Kifaa cha biti 16 katika upeo wa g 16 hugawanya usomaji kwa hatua za takribani g 0.0005, sawa na digrii 0.03. Kilichopotea hakina thamani.

Wimbi bandia

Mtego wa pili ni wa kuhesabu. Kifaa cha kidijitali hakitazami mfululizo. Hutupa jicho mara kadhaa kwa sekunde na kuandika kilichoona. Mashine ya dizeli ya silinda moja, ya mipigo minne, ikizunguka mara 1500 kwa dakika, huwasha mafuta mara 12.5 kwa sekunde. Mtu anayetaka kuokoa betri huweza kusema: mrama ni wa polepole, basi tutazame mara 12 tu kwa sekunde. Matokeo yake ni kwamba kila jicho linapotupwa, mtetemo umesogea hatua kidogo mbele ya pale ulipokuwa mara ya mwisho, na hatua hizo zikiunganishwa hutokea wimbi la polepole lenye muda wa sekunde 2. Hakuna kitu chochote katika mashua kinachokwenda kwa sekunde 2. Ni wimbi bandia, ndugu wa yale magurudumu ambayo katika filamu huonekana yakizunguka kinyume. Nahodha akiongeza mafuta kidogo au akipunguza, wimbi hilo hurefuka au hufupika, na kifaa kitatangaza kwamba uimara wa chombo umebadilika.

Dawa ni mbili, na zote zinahitajika. Kwanza, kutazama mara nyingi zaidi, kwa mfano mara 400 kwa sekunde. Pili, kuchagua kifaa chenye kichujio cha ndani kinachozuia marudio ya juu kabla ya usomaji kuchukuliwa, kwani kuna mitetemo ya gia na rafadha inayozidi hata uwezo wa mara 400. Baada ya hapo ndipo kichujio cha hesabu kiletwe, chenye mpaka wa hezi 1. Mtetemo wa hezi 12.5 uko mbali sana na mpaka huo. Kichujio cha ngazi tatu huupunguza kwa takribani mara 2000, na ile g 1 iliyokuwa imeufunika mrama hubaki sehemu 5 katika 10,000. Kichujio hicho hukawiza habari kwa sehemu ya sekunde, jambo ambalo lingeua mtu katika mfuko wa hewa wa gari lakini halina madhara kwa mrama.

Kisichochujika

Ingekuwa vyema kama mambo yangeishia hapo. Bahari nayo ina mrama wake. Mawimbi ya kusi yanayoingia kutoka bahari kuu upande wa Shela yana muda unaokaribiana na ule wa chombo chenyewe, na vitu viwili vyenye marudio mamoja havitenganishwi na kichujio chochote cha marudio. Zaidi ya hayo, chombo kidogo kinapopanda mgongo wa wimbi, mvutano na mchapuko wa wimbi huungana kiasi kwamba "chini" kwa mujibu wa kifaa huinama pamoja na maji. Mashua inaweza kuwa imelala waziwazi machoni pa mtu aliye gatini, na kipimamchapuko kikasoma karibu sifuri. Abiria aliyeshika kikombe cha kahawa analijua hili bila fizikia: wakati mwingine chombo huinama na kahawa haimwagiki.

Kwa sababu hiyo kipimamchapuko kisiachwe peke yake. Chipu nyingi za leo, ikiwamo ile ya bei nafuu iliyotajwa, zina pia jairoskopu, ambayo husoma kasi ya kuzunguka na haidanganywi na mvutano unaoinama. Jairoskopu hupotoka polepole kwa muda mrefu, na kipimamchapuko hukosea kwa muda mfupi. Kimoja humrekebisha mwenzake. Kwa mrama wa sekunde chache, jairoskopu ndiyo iaminiwe kwanza. Na usomaji wenye uzito zaidi ni ule unaochukuliwa gatini Mokowe au ndani ya mlango wa Mkanda, ambako maji yametulia na chombo kinayumba kwa tabia yake, si kwa amri ya wimbi.

Mahali pa kufungia

Kifaa kizuri kikifungwa pabaya ni hasara. Kisifungwe juu ya msingi wa mashine, wala juu ya ubao mrefu wa kukalia, ambao hupigwa na mtetemo ukaitikia kama ngozi ya ngoma. Kifungwe katikati ya chombo, karibu na mkuku, juu ya taruma nene, mbali kadiri inavyowezekana na tezi kunakokaa mashine. Kipande cha mpira chini yake husaidia kuzuia mitetemo ya juu, ila mpira laini mno nao huwa na mtikisiko wake na kuongeza kile ulichowekwa kukizuia. Kiwe ndani ya kisanduku kisichopitisha maji ya chumvi. Mafundi wa Matondoni, wanaojua taruma ipi imebeba nini, ni washauri bora wa jambo hili kuliko maelezo ya kiwandani.

Jaribio la kwanza halihitaji kompyuta. Chombo kifungwe gatini wakati maji yametulia, bila abiria, na timazi ya fundi ining'inizwe katika mlingoti. Mashine ikiwa imezimwa, usomaji wa kifaa na wa timazi ulinganishwe. Kisha mashine iwashwe, iongezwe mafuta polepole kutoka mzunguko wa chini hadi wa juu, na usomaji utazamwe. Timazi ikibaki palepale huku kifaa kikidai kwamba chombo kinalala kadiri mashine inavyopanda, upeo ni mdogo. Kikidai kwamba chombo kinakwenda mrama unaobadilika kwa kufuata mlio wa mashine, idadi ya kutazama haitoshi. Mrama wa kweli hautapatikana hadi kasoro hizo mbili ziondoke. Baada ya hapo watu wanne wasimame ubavu mmoja, warudi katikati kwa pamoja, na sekunde zihesabiwe.